Siri ya Mtungi: Mke wa Rais na Madaraka ya Umma nchini Uganda

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia mtungini kila siku na kutoka, hivyo huyajua maji yaliyomo kuliko mtu anayeutazama mtungi kwa nje. Ndivyo ilivyo kwa mwenzi wa kiongozi wa nchi. Mawaziri huonana na Rais kwa miadi, wabunge humsikiliza katika hotuba, nasi wananchi humwona kwenye runinga. Mwenzi wake humwona asubuhi kabla ya miadi na usiku baada ya hotuba. Anaweza kumshauri, kumtuliza, kumwonya au kumchochea, na hapana karani anayeandika kumbukumbu za mazungumzo yao.

Katika somo letu la uraia leo tutaichunguza historia ya ushawishi huo katika nchi yetu ya Uganda. Swali letu ni moja: ushawishi wa mke wa Rais unapovaa joho la wadhifa wa umma, je, mwananchi hupata nafasi bora zaidi ya kumwuliza aliyenao?

Kabla ya kuendelea, tutofautishe maneno mawili. Ushawishi ni uwezo wa kumfanya mtu mwingine akubali jambo bila ya kumwamuru. Mamlaka ni uwezo wa kuamuru unaotokana na sheria au wadhifa. Mtu anaweza kuwa na ushawishi mkubwa pasipo mamlaka yoyote. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaeleza kazi za Rais, Makamu wa Rais, mawaziri, wabunge na majaji, lakini haimpi mwenzi wa Rais kazi yoyote ya kutawala. Kwa hiyo mke wa Rais, akiwa mke tu, ana ushawishi bila mamlaka.

Kasri la Namasole

Jamii zetu za kale ziliifahamu nguvu ya mwanamke aliye karibu na kiti cha enzi. Katika ufalme wa Buganda, mwanamke mwenye heshima kuu hakuwa mke wa Kabaka bali mama yake, aitwaye Namasole. Alikuwa na kasri lake, ardhi yake na maofisa wake wenye vyeo. Mila ilimtaka akae mbali na kasri la mwanawe, kwenye kilima kingine, na kijito kipite katikati yao. Alikuwapo pia Lubuga, dada wa Kabaka, ambaye alishiriki katika sherehe ya kumtawaza mfalme.

Tuutazame utaratibu huo kwa jicho la somo la uraia. Buganda haikujifanya kwamba mama wa mfalme hana nguvu. Iliipa nguvu yake jina, ikaipa mahali pa kukaa, kisha ikaiwekea mpaka. Mtu aliyetaka kumfikia Namasole alijua aende kilima gani, na maofisa wa Kabaka walijua mamlaka yao yanaishia wapi. Dola tulizozipata baada ya ukoloni hazikurithi utaratibu wa namna hiyo. Zilirithi cheo cha heshima cha mke wa mkuu wa nchi, cheo cha kukata utepe na kupokea maua, bila kijito cha kukitenga na ofisi za serikali.

Miria Obote na wake za Idi Amin

Milton Obote alimwoa Miria Kalule mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Obote alikuwa Mlango kutoka kaskazini, na Miria alikuwa Muganda. Wakati huo chama cha Obote cha UPC kilikuwa kimeungana na Kabaka Yekka, chama cha watu waliomtetea Kabaka, na haikuwa ajabu watu kuiona ndoa ile kama daraja kati ya pande mbili. Daraja hilo halikuizuia mito kufurika. Mwezi Mei 1966 majeshi ya Obote yalilishambulia kasri la Kabaka Mutesa wa Pili, naye Kabaka akakimbilia Uingereza, alikofariki mwaka 1969. Hapa tunajifunza kuwa ndoa ya kiongozi inaweza kupewa maana kubwa ya kisiasa na watu wa nje, ilhali mambo makuu yanaamuliwa kwa hesabu nyingine kabisa.

Katika utawala wa Idi Amin, ulioanza Januari 1971, ukaribu na Rais uligeuka kuwa hatari. Malyamu, mke wake wa kwanza, alikuwa dada yake Wanume Kibedi, waziri wa mambo ya nje. Kibedi aliikimbia nchi. Mwaka 1974 Amin aliwataliki wake zake watatu, Malyamu, Kay na Nora, na habari ya talaka hizo ikatangazwa kwa redio kama amri ya serikali. Kabla ya mwaka huo kwisha, Kay alikutwa amekufa kifo cha kutisha. Mahali ambapo sheria haimlindi raia wa kawaida, haimlindi hata mke wa mtawala.

Kutoka misaada ya yatima hadi jimbo la Ruhaama

Sasa tumfikie mtu ambaye historia yake ndiyo kiini cha insha hii. Janet Kataaha alizaliwa mwaka 1948 na akaolewa na Yoweri Museveni mwaka 1973, wakati wote wawili wakiwa uhamishoni kwa sababu ya utawala wa Amin. Museveni alipoingia msituni mwaka 1981 kupigana na serikali ya Obote, Janet aliwalea watoto wao wanne ugenini, kwanza Kenya na baadaye Sweden. Museveni aliapishwa kuwa Rais tarehe 29 Januari 1986.

Mwaka huohuo Janet Museveni alianzisha shirika la UWESO, yaani juhudi za wanawake wa Uganda za kuwaokoa yatima. Vita vya Luweero vilikuwa vimeacha watoto wengi bila wazazi, na muda si mrefu ugonjwa wa UKIMWI ukaongeza idadi yao maradufu. Hapana mtu angeweza kuibeza kazi ile. Hata hivyo, tutambue kwamba wafadhili humpokea mke wa Rais kwa namna ambayo hawampokei mwalimu wa kijijini aliye na yatima walewale. Ushawishi ulikwisha kuanza kufanya kazi, ingawa bado ulivaa nguo za huruma.

Katika miaka ya 1990 sauti yake ilisikika sana katika vita dhidi ya UKIMWI. Alianzisha jukwaa la vijana lililowahimiza kusubiri hadi ndoa, na imani yake ya Kikristo ilikuwa msingi wa ujumbe huo. Uganda ilisifiwa duniani kwa kupunguza maambukizi katika muongo ule. Wataalamu walibishana kuhusu sababu: wengine walitaja kusubiri na uaminifu, wengine walitaja kondomu, wengine walitaja uwazi wa serikali kuuzungumzia ugonjwa hadharani. Marekani ilipoanzisha mpango wake wa PEPFAR mwaka 2003, sheria yake ilielekeza theluthi moja ya fedha za kinga kwenye mafunzo ya kusubiri hadi ndoa. Ndani ya Uganda, mahubiri ya mke wa Rais na masharti ya mfadhili yakaelekea upande mmoja. Mwananchi aliyepinga mwelekeo huo angempelekea nani hoja yake? Mke wa Rais hakuwa waziri wa afya. Hakuwa na dawati la kujibia maswali.

Mwishoni mwa mwaka 2005 Janet Museveni alitangaza kuwa angegombea ubunge wa jimbo la Ruhaama, wilaya ya Ntungamo, akieleza kuwa ni wito kutoka kwa Mungu. Mpinzani wake, Augustine Ruzindana, hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mbunge wa jimbo hilo na aliwahi kuwa mkuu wa ofisi ya serikali inayopambana na rushwa. Uchaguzi ulifanyika tarehe 23 Februari 2006, ukiwa wa kwanza wa vyama vingi tangu mwaka 1980, na Janet Museveni akashinda.

Siku hiyohiyo mke mwingine wa Rais alikuwa kwenye karatasi za kura. Miria Obote, aliyerudi nyumbani kumzika mumewe mwaka 2005 baada ya miaka ishirini ya uhamisho, alichaguliwa kuongoza UPC na kugombea urais. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwania kiti hicho nchini mwetu. Alipata chini ya asilimia 1 ya kura. Wanawake hao wawili wote walikuwa na jina kubwa la ndoa. Mmoja alikuwa na mume aliye Ikulu, mwingine alikuwa na kaburi na kumbukumbu. Bila shaka nguvu ya chama, fedha na historia ya UPC vilichangia matokeo hayo. Lakini tofauti hiyo inatuonyesha kwamba ushawishi wa ndoa huishi kadiri mamlaka ya mume yanavyoishi.

Mawaziri na mume wao mteuzi

Mwaka 2009 Rais Museveni alimteua mkewe kuwa waziri wa nchi anayeshughulikia Karamoja, eneo la wafugaji la kaskazini mashariki lililosahauliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2011 akawa waziri kamili wa Karamoja. Hakugombea tena Ruhaama mwaka 2016, na mwezi Juni mwaka huo akakabidhiwa Wizara ya Elimu na Michezo. Aliteuliwa tena katika wizara hiyohiyo mwaka 2021. Kwa kuwa hakuwa tena mbunge wa jimbo, aliingia Bungeni kwa wadhifa wake wa uwaziri: anaruhusiwa kusema na kujibu, ila hapigi kura.

Hapa naomba tutulie kidogo kwenye sarufi. Matangazo ya serikali humtaja kwa vyeo viwili kwa pamoja: mke wa Rais na Waziri wa Elimu. Vyeo vyote viwili vimejengwa kwa a-unganifu ileile, wa. Lakini ya kwanza inamfunga na mtu, na ya pili inamfunga na kazi. Mke wa Rais hupata cheo chake kwa mapenzi na ndoa, na hapana raia mwenye haki ya kumhoji kuhusu jambo hilo. Waziri wa Elimu hupata cheo chake kwa niaba ya raia, na kila mzazi ana haki ya kumhoji. Vyeo hivyo vinapotamkwa kwa pumzi moja, msikilizaji hajui anasemeshwa na wa ipi.

Mtihani ulikuja mwaka 2017. Katika kampeni zilizotangulia uchaguzi wa 2016, Rais aliahidi kuwapa wasichana wa shule taulo za kike, kwani wengi hukosa masomo wakati wa hedhi. Mwezi Februari 2017 Waziri wa Elimu alifika mbele ya kamati ya Bunge akasema kuwa hapakuwa na fedha za kutimiza ahadi hiyo. Tuzingatie kwamba jambo hilo lenyewe lilikuwa hatua mbele. Katika miaka ya mahubiri ya UKIMWI, hapakuwa na kamati ambayo mke wa Rais alilazimika kuijibu. Sasa ilikuwapo, jibu lake liliandikwa, na taifa zima likalijadili.

Mjadala ulipopamba moto, Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alianzisha kampeni ya kukusanya taulo hizo na akaandika mtandaoni maneno makali mno dhidi ya Rais na mkewe. Mwezi Aprili 2017 alikamatwa na kushtakiwa, na alikaa katika gereza la Luzira zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kupewa dhamana. Unaweza kuyachukia maneno yake. Mimi nisingependa mwanafunzi wangu ayatumie. Hata hivyo, waziri wa kawaida akitukanwa kwa kutotimiza ahadi, hilo hubaki gumzo la siasa. Waziri aliye mke wa Rais akitukanwa, mambo mawili huchanganyika, nyumba na ofisi, na anayelinda ofisi hujikuta analinda nyumba.

Katiba, katika ibara ya 118, inaliwezesha Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na waziri, ikiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote. Baada ya kura hiyo, waziri asipojiuzulu, Rais anatakiwa kuchukua hatua ifaayo. Kwa waziri mwingine yeyote utaratibu huo unaeleweka. Kwa waziri huyu, hatua ya mwisho ya kuwajibishwa kwake iko mikononi mwa mumewe. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake.

Fikirieni pia kipindi cha maradhi ya Korona. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa agizo la Rais. Zilifunguliwa kwa madarasa machache, zikafungwa tena, na zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Ulikuwa miongoni mwa ufungaji mrefu kabisa duniani, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Baadhi ya wenzenu hawakurudi tena darasani. Kazi ya Waziri wa Elimu katika wakati kama huo ni kuwa wakili wa wanafunzi ndani ya Baraza la Mawaziri, na ikibidi kubishana na Rais. Labda alibishana. Waziri mwingine akishindwa katika ubishi wa namna hiyo anaweza kujiuzulu, na kujiuzulu kwake kukawa ujumbe kwa taifa. Nani hutarajia mke ajiuzulu katika baraza la mumewe?

Kiswahili chetu na uamuzi wa mwaka 2022

Jambo hili linatugusa sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa wengi kilibaki lugha ya askari waliowatesa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka kati ya masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai 2022, siku chache kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la wakuu wa nchi za Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari na kitahiniwe.

Kutekeleza uamuzi huo ni kazi ya Wizara ya Elimu. Walimu wa kutosha hatuna, vitabu ni vichache. Tunapodai vitu hivyo, tunamdai nani? Tunamdai Waziri. Madai hayo ni halali, yana anwani, na yanaweza kuandikwa kwenye barua yenye kumbukumbu namba. Hayamvunjii heshima mke wa mtu. Mwalimu anayeogopa kuiandika barua hiyo kwa sababu ya jina la ndoa la anayeipokea amepoteza haki yake kabla ya kunyimwa.

Majirani zetu

Tukivuka mpaka, tunaona njia nyingine. Nchini Kenya, Lucy Kibaki hakuwa na wadhifa wowote, lakini mwezi Mei 2005 aliingia usiku katika ofisi za shirika la habari la Nation jijini Nairobi kulalamikia namna alivyoandikwa, na wahariri wakalazimika kumsikiliza. Huo ulikuwa ushawishi usio na dawati. Nchini Tanzania, Salma Kikwete aliongoza shirika la hisani wakati mumewe akiwa Rais. Aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2017, mumewe akiwa amekwisha kustaafu, na aliyemteua alikuwa Rais mwingine, John Magufuli. Mwaka 2020 akachaguliwa katika jimbo la Mchinga. Aliyemteua hakuwa mumewe, na wapiga kura wa Mchinga hawakuwa wakimpigia kura mke wa Rais aliye madarakani. Kijito kilikuwa kimepita katikati.

Hoja za pande mbili

Wanaomtetea Janet Museveni husema kuwa mwanamke hapaswi kuzuiwa kutumikia nchi yake kwa sababu ya mtu aliyemwoa. Husema pia kuwa alishinda uchaguzi wa jimbo, na kwamba ni afadhali ushawishi wake uonekane mchana kuliko ufanye kazi gizani. Hoja hizo zina uzito, na ya mwisho ndiyo iliyo nzito kuliko zote.

Wanaompinga hujibu kuwa mlango wa uongozi ulikuwa wazi kwa wanawake wa Uganda bila ndoa ya Ikulu. Specioza Kazibwe alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1994 hadi 2003, na Rebecca Kadaga alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 2011 hadi 2021. Wanaongeza kuwa suala ni familia nzima: mtoto wa Rais, Muhoozi Kainerugaba, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2024.

Maoni yangu ni haya. Wadhifa ulimfanya mke wa Rais aulizwe maswali ambayo hapo awali hayakuwa na pa kupelekwa, na hilo ni faida kwa raia. Lakini swali bila uwezo wa kumwondoa anayeulizwa ni nusu ya uwajibikaji. Ili nusu ya pili ipatikane, mteuzi na mteuliwa wasiwe watu wa nyumba moja. Sheria inayomzuia Rais kumteua mwenzi wake, wakati ikimwachia mwenzi huyo uhuru wa kugombea kura kama raia yeyote, ingetenda haki kwa mwanamke na kwa mwananchi pia. Wazee wa Buganda waliielewa hekima hiyo walipomtaka Namasole ajenge ng'ambo ya kijito.

Msamiati

Kata: chombo cha kuchotea maji, hasa cha kifuu cha nazi au kibuyu.
Uhamishoni: hali ya kuishi nje ya nchi yako kwa kulazimika.
Mteuzi: mtu mwenye mamlaka ya kumchagua mwingine kushika wadhifa.
Uwajibikaji: wajibu wa kiongozi kueleza matendo yake na kukubali matokeo yake.
Kutahiniwa: kufanyiwa mtihani.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya ushawishi na mamlaka kwa kutumia mfano mmoja kutoka katika insha na mmoja kutoka shuleni kwenu.
2. "Afadhali ushawishi uonekane mchana kuliko ufanye kazi gizani." Jadili kauli hii.
3. Linganisha safari ya kisiasa ya Janet Museveni na ya Salma Kikwete. Ni tofauti ipi unayoiona kuwa muhimu zaidi, na kwa nini?
4. Mwandikie Waziri wa Elimu barua rasmi ukiomba vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya shule yako. Zingatia anwani, kichwa cha barua na lugha ya heshima.